Gari Linachemsha Lini?

Haya ni maneno niliyowaambia wenye magari ya zamani tulipokutana Nairobi. Nimeyaandika karibu kama yalivyotoka mdomoni.

Wazee wangu, akina mama, vijana wa gereji, na nyinyi mliokuja na magari yaliyofunikwa shuka kama maharusi: hamjambo?

Kabla sijaanza, namwomba yule kijana awashe jiko. Hilo hilo la gesi. Tia maji nusu sufuria, uiweke juu. Kwenye ule ufito nimefunga kwa uzi thamostati mbili, yale malango madogo yanayoyafungulia maji ya injini njia ya kwenda kwenye rejeta yakipata moto. Moja ni yangu, imekuwa kwenye gari langu miaka sita sasa. Nyingine nimeifungua asubuhi hii kwenye gari la mtu aliyemo humu humu, naye ameniomba nisimtaje. Zining'inize ndani ya maji, zisiguse chini wala ubavu wa sufuria, maana pale chuma chenyewe kina moto kuliko maji na itakudanganya. Kipimajoto kikae kando yake. Moto uwe mdogo. Tutarudi huko.

Nimeombwa nizungumzie magari ya spoti ya zamani yanavyochemsha. Nitasema juu ya lile ninalolijua kwa mikono, Datsun 240Z. Wenye MG na Alfa Romeo mtanisamehe, mengi ya nitakayosema yatawafaa. Wenye Porsche 911 za zamani mnaweza kwenda kunywa chai; injini yenu inapozwa kwa hewa na oili, haina rejeta ya maji ya kuwatoa jasho.

Gari hili lilitoka Japani mwishoni mwa 1969. Kwetu halikuja kama pambo. Mwaka 1971 Edgar Herrmann na Hans Schüller walishinda Safari Rally nalo, na 1973 Shekhar Mehta na Lofty Drews wakashinda nalo tena, katika ule mwaka ambao Mehta alilingana pointi na Harry Källström aliyekuwa kwenye Datsun ya aina nyingine. Humu ndani wamo wazee waliokuwa watoto wakisimama kando ya barabara siku za Pasaka, wakingojea vumbi. Kwa hiyo mtu akiniambia, "Fundi, hizi gari za zamani kawaida yake ni kuchemsha," simkubalii. Gari lililopita matope na joto la Safari likashika namba moja halina kawaida ya kuchemsha. Lina kitu.

Sasa, mwenye gari akifika kwangu akasema linachemsha, watu hutarajia nifungue boneti. Sifungui. Namuuliza: linachemsha lini? Kwenye foleni au kwenye mlima? Dakika ya tano au saa ya pili? Likiwa linatembea, au baada ya kulizima? Wengi hawajui. Wanajua tu kwamba sindano ilipanda na moyo ukashuka. Nawarudisha nyumbani, nawaambia tembea nalo siku mbili, angalia, halafu uje. Wengine wameniona mvivu kwa jambo hilo. Mmoja alikwenda kwa fundi mwingine, akauziwa rejeta mpya na pampu ya maji, na gari likaendelea kuchemsha vilevile.

Nisimcheke, kwa sababu kosa hilo nimelifanya mwenyewe. Miaka ile nikiwa bado kijana nilikabidhiwa 240Z ya mteja, nilipandishe kutoka Mombasa nije nalo Nairobi. Mombasa mjini lilikuwa halina shida. Nililisimamisha kwenye foleni ya feri ya Likoni, jua la saa nane, sindano ikakaa katikati kama imegundishwa. Lakini tulipomaliza Mtito Andei, barabara ikianza kupanda pole pole, sindano nayo ikapanda. Nikapunguza mwendo, ikashuka. Nikakanyaga, ikapanda. Gari lilikuwa linanijibu, na mimi sikuwa nimeuliza. Nikasema ni pampu. Nikarudi nalo, nikabadilisha pampu. Halafu feni. Halafu mkanda wa feni. Mteja analipa. Safari ya pili likachemka pale pale. Nikateremka kwa hasira, nikafunika kifuniko cha rejeta kwa kitambaa, nikakizungusha. Kovu mnaliona hapa, kutoka kiwiko mpaka kwenye saa.

Rejeta ilipofika kwa mchomeleaji, akayeyusha risasi, akaitoa tangi ya juu, akanionyesha. Mirija ilikuwa imeziba kwa chokaa nyeupe, mingine huwezi kupitisha hata sindano ya kushonea. Mwenye gari alikuwa anajaza maji ya kisima. Maji yetu ya visima vya pwani mnayajua, hata sabuni hayatoi povu.

Basi tuchukue jibu la gari lile. Lilitulia kwenye foleni, likachemka mlimani. Kwenye foleni injini haifanyi kazi kubwa. Joto lake ni dogo, na hata rejeta iliyoziba nusu inalimudu. Mlimani unachoma petroli nyingi, na kwa makadirio ya mafundi karibu theluthi ya joto la petroli hiyo inaingia kwenye maji. Maji yanatakiwa yapite mengi na upesi. Mirija ikiwa imeziba, hayapiti. Feni haina kosa hapo, kwa sababu gari likienda kilomita 80 kwa saa upepo wa mbele unatosha wenyewe.

Geuza sasa. Gari linachemka kwenye foleni, ukitoka ukapata barabara linapoa. Hilo maji yanapita vizuri, kinachokosekana ni upepo. Hapo ndipo uiangalie feni. Kama gari lako lina feni yenye klachi, zima injini ikiwa ya moto, izungushe kwa mkono. Inatakiwa ikukatalie kidogo, kama mtoto asiyetaka kuamshwa. Ikizunguka yenyewe mara tatu nne bila kizuizi, klachi imekufa. Angalia pia kama lile kava linaloizunguka feni bado lipo. Mafundi wetu hulitoa wapate nafasi ya kuingiza mkono, halafu likabaki juu ya mabati. Bila kava, feni inakoroga hewa ile ile ya moto, haivuti ya mbele. Na wale mliofunga feni ya umeme, shika karatasi mbele ya rejeta. Ikivutwa, sawa. Ikipeperuka kuja kwako, nyaya zimegeuzwa. Msicheke, nimekuta mbili mwaka huu.

Liko la tatu, na hili ndilo linalonitia huzuni. Gari linachemka mapema, asubuhi, kabla hujafika hata kituo cha mafuta, na mpira wa juu wa rejeta unakuwa mgumu kama jiwe wakati injini bado haijapata moto. Presha hiyo haitoki kwenye joto. Inatoka ndani ya silinda, moto unapenya kwenye gasketi ya hedi, ile inayoziba kati ya kichwa cha injini na bloku yake, na kuingia kwenye njia ya maji. Ukifungua kifuniko injini ikiwa baridi kabisa, ukaiwasha, utaona mapovu yanapanda bila kukoma, kama sufuria ya uji. Ukichomoa kijiti cha oili ukakuta rangi ya chai ya maziwa, usiwashe tena. Kuna dawa ya kupima ambayo huwekwa juu ya mdomo wa rejeta. Ni ya buluu, ikinusa moshi wa injini inageuka manjano. Inunueni, ni rahisi kuliko kuskimu hedi, yaani kuisawazisha kwa mashine.

Na hapa niseme kwa nini injini hii haitaki mzaha. Bloku yake ni chuma cha kumimina, hedi ni aluminiamu. Aluminiamu ikipata moto hutanuka karibu mara mbili ya chuma. Vitu viwili vimefungwa pamoja kwa bolti, kimoja kinataka kukua, kingine kinakatalia. Siku zote wanaelewana kwa sababu gasketi iko katikati. Chemsha gari mara moja vizuri, halafu mtu mwema apite na ndoo ya maji baridi akumwagie: hedi inapinda, au inapasuka kabisa. Hedi za L24, ndiyo injini ya 240Z, hazimwagiki sokoni siku hizi. Nimeona watu wanauza pete za harusi.

Nitaongeza moja ambalo si kuchemsha, ila watu wote hulileta kwangu kama kuchemsha. Umeendesha vizuri, ukasimama kununua mahindi ya kuchoma, dakika kumi. Ukirudi gari linakohoa, halishiki, au linashika kisha linazimika. Sindano iko kawaida. Kwenye 240Z kabureta mbili zimekaa upande mmoja na manifoldi ya ekzosti, pale moshi unapotokea kwenye injini, tena juu yake. Ukizima injini, feni inasimama, maji yanasimama, joto lote linapanda juu na petroli inachemka ndani ya kabureta. Rejeta haihusiki hata chembe! Angalia lile bati la kinga chini ya kabureta kama lipo, mara nyingi limetupwa. Usiruhusu bomba la petroli liguse hedi. Ukikwama njiani, fungua boneti, weka kitambaa kilicholoa juu ya pampu ya petroli, maliza mahindi yako.

Kijana, maji yamefika ngapi? Sitini na nane. Mrefushie uzi kidogo huyo wa kushoto, anagusa ubavu.

Nirudi kwenye kifuniko cha rejeta, kwa sababu ni kitu cha bei ndogo na ndicho kinachodharauliwa kuliko vyote. Kule kwetu Mombasa maji huchemka kwenye nyuzi 100. Hapa Nairobi, kwa sababu tuko juu, yanachemka kwenye nyuzi 94 au 95. Ndiyo maana maharage ya huku yanachelewa. Ukipanda kwenda Eldoret ukafika Timboroa, ni nyuzi 91 hivi. Sasa injini yako inataka kufanya kazi kwenye nyuzi themanini na kitu, na mlimani inafika tisini na zaidi bila ubaya wowote. Kinachozuia maji yasichemke ni presha, na presha inashikwa na kifuniko. Kifuniko cha 240Z ni cha 0.9, yaani kilo 0.9 kwa kila sentimita mraba. Kikiwa kizima, hata hapa Nairobi maji hayachemki mpaka yapite nyuzi 110. Mpira wa ndani ukikauka, umepoteza nyuzi zaidi ya 15 kwa kitu kinachotosha kwenye kiganja. Gari lile lile linalotulia Mombasa linachemka Limuru, na mwenyewe anasema "hewa ya bara imelishinda".

Na msifunge kifuniko cha nguvu zaidi mkidhani mnaongeza usalama. Rejeta ya miaka hamsini, mipira iliyochoka. Mtapasua kilicho dhaifu kwanza.

Maji yenyewe. Mwenda tezi na omo marejeo ni ngamani: maji yatapanda kwenye hedi, yatashuka kwenye rejeta, marejeo yake ni pampu, na kila uchafu uliotia unazunguka nayo. Nimefungua rejeta nikakuta bizari. Nimekuta yai. Dereva ametobokewa njiani, akafanya alichoambiwa na wenzake, na siku ile kilimwokoa. Lakini hakuitoa tena, na yai likaenda kukaa kwenye mirija. Mtu husema, huku kwetu hakuna barafu, koolanti ya nini? Barafu si hoja. Kilichomo ndani ya koolanti ni dawa ya kuzuia kutu kwenye bloku na kulinda aluminiamu ya hedi, na inapandisha kidogo kiwango cha kuchemka. Changanya nusu kwa nusu na maji yaliyotoneshwa, yale ya betri yasiyo na asidi. Usichanganye rangi mbili usizozijua, nyingine zikikutana zinaganda kama ute.

Ukimaliza kujaza, toa hewa. Egesha gari pua ikiwa juu, kwenye kilima au juu ya mbao, washa hita kabisa hata kama jua linawaka, acha kifuniko wazi, injini ilie taratibu mpaka mapovu yaishe. Hewa ikinasa kwenye hedi, pale ilipo hapana maji, na geji haiwezi kuliona hilo kwa sababu geji inapima maji. Geji za magari haya nazo si msahafu. Nyaya zimechoka, ati, yaani waya wa umeme unaofungwa kwenye bodi ya gari, imelegea, sindano inasema itakacho. Nunua kipimajoto cha kumulika, elekeza kwenye nyumba ya thamostati, ulinganishe. Nimemtibu mtu gari zima ambalo ugonjwa wake ulikuwa waya mmoja wa ati.

Kuna mpira wa chini pia. Watu huangalia wa juu kwa sababu unaonekana. Wa chini uko upande pampu inavuta, na ndani yake mara nyingi kuna springi. Springi ikiliwa na kutu, ukikanyaga mafuta mpira unabanwa kama mrija wa soda ya mtoto, maji yanakatika. Gari likisimama mpira unajirudi, huoni kitu. Mwambie mtu akanyage mpaka mizunguko 3,000 kwa dakika, wewe ukiwa umeinama unatazama. Mikono na tai mbali na feni.

Taimingi na kabureta nitazipita haraka: cheche ikichelewa, moto unaendelea kuwaka wakati vali ya ekzosti inafunguka, na joto linahamia kwenye hedi, mchanganyiko ukiwa na petroli kidogo mno, vilevile. Plagi nyeupe kama chaki inakueleza.

Na ukiwa barabarani, sindano imeanza kupanda? Usisubiri iguse mwisho. Zima kiyoyozi kama umekiweka, washa hita na feni yake mpaka mwisho, fungua madirisha. Mtaungua miguu, lakini hita ni rejeta ndogo ya pili uliyonayo. Kwenye foleni toa gia, pandisha mizunguko kidogo, 1,500 hivi, pampu izungushe maji. Ukiona mvuke, egesha, zima, teremka, ukae. Nusu saa, zaidi. Shika tangi ya rejeta kwa kiganja. Kama huwezi kuhesabu mpaka kumi, bado. Mimi nilikuwa siwezi kuhesabu mpaka mbili na bado nikafungua.

Sasa sogeeni huku mbele. Maji yamefika 79? Watoto wapiteni mbele, wazee wataona juu ya vichwa vyenu.

Hiki kidude kina nta ndani yake. Nta ikiyeyuka inatanuka, inasukuma kijiti, mlango unafunguka. Datsun walitengeneza za nyuzi 82 kwa nchi za kawaida, 88 kwa nchi za baridi, na 76.5 kwa nchi za joto. Wale wa 76.5 walikuwa wanatufikiria sisi. Mafundi wetu wakaitupa yote. Ukifungua magari kumi hapa Nairobi, sijui mangapi utayakuta nayo, na kila mwenye gari anakwambia fundi alisema nchi yetu ina joto, haihitajiki. Gari linakwenda baridi mno asubuhi, oili haipati moto, petroli nyingi inaosha silinda, na mwenyewe anafurahi kwa kuwa sindano iko chini. Siku rejeta inaanza kuziba haoni dalili yoyote, kwa sababu sindano inatoka chini kabisa, inapanda mpaka katikati, yeye anaona ndiyo kwanza imekaa vizuri. Akija kushtuka, yuko Mau Summit usiku.

Themanini na moja. Tazameni ya kulia, hiyo yangu. Mnaona ule mstari mweusi mwembamba kwenye ukingo wa mlango? Umeanza. Themanini na tatu. Unatosha ukucha kupita. Ya kushoto bado imefunga. Subirini.

Themanini na sita, yangu iko wazi. Themanini na tisa. Ya kushoto haijatikisika, na nta yake haitatikisika tena. Maji ya jikoni yanakaribia kuchemka, hayana mahali pengine pa kwenda.

Mwenye gari la kijani, funguo zako ziko kwangu. Thamostati mpya iko kwenye mfuko wa koti langu pamoja na gasketi yake. Kijana, zima jiko. Tukalifunge kabla jua halijafika kwenye boneti, na anayetaka kuona anaruhusiwa kusimama, ila asiegemee rangi.